Taa ya Kushoto

Maiki ilikuwa imelowa jasho la kiganja changu niliposema maneno ambayo nusura yamuue kaka yangu. Kwenye runinga lori jeusi lilikuwa linashuka mlima, shujaa wetu analifukuza kwa gari lake bovu, na watu sabini ndani ya banda la Baltazar walikuwa wamepanda juu ya mabenchi kana kwamba wao ndio wanaofukuzwa. Nami kama kawaida yangu nikaongeza la kwangu. "Mwangalieni muuaji huyo!" nikapaza sauti. "Anadhani hatumjui! Taa ya kushoto imevunjika, bampa kaifunga kwa kamba ya bluu, na bado anapita Dongobesh kifua mbele kama bwana harusi!" Banda likalipuka kwa vicheko na miluzi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamume mmoja aliyejifunga shuka hakucheka.

Nilikuwa mtafsiri wa picha. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri ya Kiingereza, masomo mengine tuyaache yapumzike, na Baltazar mwenye banda akanipa maiki baada ya mtafsiri wake wa kwanza kuhamia Babati. Watu walicheka kumwona mwanamke anatafsiri ngumi na risasi. Baada ya miezi miwili walikuwa wanaulizia mlangoni, "Leo ni Gaudensia?" kabla hawajaingia. Siri yangu ilikuwa moja tu: sikuiacha picha ilivyo. Wahusika niliwapa majina ya kwetu, mito yao niliiita mito yetu, na kama shujaa alikula mkate mimi nilisema amekula ugali na mlenda. Picha ya Kizungu ikifika Dongobesh inatakiwa ivue viatu, ikae na wenyeji.

Ile ya siku hiyo Baltazar aliiandika kwa chaki mlangoni, KISASI BARABARANI. Ni habari ya mtu aliyegongewa mke na lori, dereva akakimbia. Mume anaacha kazi, anauza nyumba, ananunua gari la zamani na kuanza kumsaka dereva huyo na wenzake nchi nzima, mmoja baada ya mwingine, na kila anayempata anamtupa bondeni na lori lake. Tulikuwa tumeionyesha mara nne tayari. Siku za mnada watu waliitaka hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimeizoea mno, nikawa natafsiri huku mawazo yako nyumbani.

Nyumbani ni Nambis, na asubuhi ile, baada ya wiki nzima ya kutoliona, nilikuwa nimeliona fuso la kaka yangu Agustino limeegeshwa nyuma ya zizi, mahali ambapo halikuwahi kuegeshwa. Taa ya kushoto ilikuwa shimo tupu. Bampa ilikuwa imening'inia, naye ameishika kwa kamba ya bluu. "Nimegonga jiwe," aliniambia bila kuinua kichwa kwenye chai yake. Nilimwamini. Agustino ndiye aliyekuwa ananibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule, na mtu aliyekubeba mgongoni humdhanii vibaya upesi. Basi picha ya ile taa ilibaki kichwani mwangu tangu asubuhi, na mchana nilipohitaji kitu cha kuchekesha watu, ndicho mdomo ulichookota.

Picha ilipoisha na watu wametoka, yule mwenye shuka alikuwa ananisubiri nje, mbali kidogo na mlango, amesimama na pikipiki yake. Alikuwa mtu mzima, mrefu, wa kule kwa wafugaji wa Hanang. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Akaniambia anaitwa Patriki, anatoka Gendabi.

"Naomba kuuliza, binti. Ile taa uliiona wapi?"

"Taa gani, baba?"

"Ya kushoto. Mimi Kizungu sijui, lakini macho ninayo. Lile lori la kwenye picha taa zake zote zinawaka."

Watu sabini ndani ya banda, mara tano, na ni yeye peke yake aliyeangalia. Nikacheka kile kicheko cha kazini, nikamwambia ni mbwembwe tu, watafsiri tunatia chumvi.

"Sisi kwetu chumvi tunaichota ziwani, Balangida," alisema. "Wewe hii umeichota wapi?"

Akafungua kitambaa kilichokuwa kifuani mwake, akanionyesha kipande cha kioo, kinene, kimekatika pembeni. Fundi wa Katesh alikuwa amemwambia ni cha taa ya kushoto ya fuso. Alikiokota mwenyewe kwenye barabara ya Gendabi, siku nane zilizopita, mahali alipogongwa mke wake Scolastica akiwa anavusha ndama. "Gari halikusimama," alisema. Alilisema hilo taratibu, bila hasira, kama mtu anayerudia jambo ambalo bado halijaingia vizuri masikioni mwake.

Niliangalia chini, nikasema ni picha tu, baba, samahani sana, pole sana na msiba. Akanishukuru kwa pole. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwamba alinishukuru.

Nilifika Nambis jua linazama. Mama yetu, Marieta, alikuwa zizini anakamua, na Agustino alikuwa anafunga turubai juu ya magunia ya vitunguu swaumu. Sikumsalimia hata. "Jiwe ulilogonga linaitwa Scolastica," nilimwambia. "Lina mume, nimetoka kuongea naye."

Alikaa chini palepale, juu ya tairi la akiba. Hakukana, na hilo namshukuru hadi leo. Alisema ndama ndiye aliyetoka kwanza, akamkwepa, mwanamke akawa upande wa pili. Alisema aliogopa. "Wangeniua, Gaude. Unajua wanavyofanya. Hawaulizi, wanachukua mawe." Nilijua, kila dereva wa huku anajua, na wenzao wakubwa huwafundisha kabisa: ukigonga mtu usishuke, nenda kituoni ukajisalimishe. Nikamwuliza kama alikwenda kituoni. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama yule mama alikuwa amekufa palepale. Akasema hakuangalia.

Hatukumsikia mama akitoka zizini. Alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa mkononi, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyotaka.

"Siku nane," alisema. "Siku nane umekula na sisi kwenye sahani moja. Jumapili umempa padri mkono."

Sisi Wairaqw tuko kanisani tangu babu zetu, lakini jambo hili hakuna aliyeliacha. Nyumba iliyoingiwa na kifo cha namna hiyo inajitenga. Haitembelewi, haitembelei, haichoti maji kwenye kisima cha wote, mpaka wazee waisafishe. Tunaita metimani. Aliyeua na kunyamaza, akaendelea kushikana mikono na watu, amewatia wote kwenye kosa lake bila wao kujua. Kwa mama, kukimbia barabarani lilikuwa kosa la mtu mwoga, na waoga amezaa na kulea. Kurudi na kukaa mezani kama hakuna kitu, hilo hakulielewa.

Aliweka kibuyu chini, akachukua panga, akaanza kukata matawi ya kufungia njia ya kuja kwetu. Agustino alimfuata nyuma akimsihi. "Mama, watu watauliza."

"Wataniuliza," mama alisema. "Na mimi nitawajibu."

Aliyaweka matawi mawili, matatu, yakaziba njia. Nilimwona kaka yangu akiyatazama. Nilifikiri alikuwa anatubu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya saa ngapi zimebaki mpaka majirani waamke. Nilipoamka lori halikuwepo na matawi yalikuwa yamekanyagwa, mama ameinama anayapanga upya, analia sasa, kwa sauti ya chini kama anayemwimbia mtoto.

Nikakodi bodaboda hadi Dongobesh. Nilijua atapita pale kushika njia ya Dareda, auze vitunguu Babati kisha aende mbali, Dodoma au kokote, asirudi. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nataka tu kumwona, nimwambie mama analia.

Lori lilikuwa limeshapita. Kwenye njia panda nilimkuta Patriki anapiga kiki pikipiki yake. Alilala Dongobesh kwa ndugu yake, na dakika chache kabla alikuwa ameona kwa macho yake fuso lenye kamba ya bluu. Ubavuni mwa pikipiki alikuwa amefunga mkuki kwa mpira wa tairi.

"Ni wa fisi," alisema, aliponiona nautazama.

Nikasimama mbele ya tairi lake la mbele. Nilisema, "Nipakie." Akaniuliza kwa nini. Nikasema dereva namjua, na kama kuna mtu atakayeweza kumsimamisha ni mimi. Nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba niliamini mtu hapigi mkuki vizuri akiwa na mwanamke mgongoni.

Watu wa mjini wanafikiri kufukuzana kwa magari ni kama kule kwenye picha. Kwetu ilikuwa matope ya jana, madimbwi, mbuzi wa watu, mara mbili tulishuka kusukuma. Patriki alisimama kabisa kumsalimia mzee mmoja aliyekuwa akivuka, shikamoo mzee, habari za nyumbani, kwa kuwa mzee ni mzee hata kama unakwenda kuua mtu. Nilimshika shuka yake kiunoni nikanusa moshi na maziwa, harufu ya nyumba yenye mama ndani. Nikawaza, huyu shuka hii alifuliwa na nani wiki hii?

Nilimwambia nikiwa nyuma yake, kwa kuwa hakuwa anauona uso wangu. "Baba, ni kaka yangu."

Pikipiki ilipunguza mwendo kidogo. "Nilijua jana ni mtu wako," alisema. "Uliangalia chini. Sikujua ni kaka." Kisha, baada ya kipande kirefu cha barabara, "Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

Akaongeza mafuta.

Tuliliona lori pale barabara inapoanza kuteremka bonde la ufa. Wanaoujua mteremko ule wananielewa: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu mpaka chini kabisa, kona juu ya kona. Lori lenye tani saba za vitunguu linashuka pale kwa gia ya kwanza, taratibu, breki zikipumua. Agustino alikuwa anashuka hivyo hivyo, kama inavyotakiwa, hadi alipotazama kioo chake na kuona shuka nyekundu.

Nilisikia injini ikibadilika sauti. Alikuwa ametoa gia. Lori likaruka mbele, magunia yakayumba, tairi la nyuma likapita ukingoni kabisa na mawe yakaporomoka bondeni. Nilipiga kelele jina lake. Lile lori nililokuwa nalishangilia kwa maiki mara tano, nikiwaambia watu wapige makofi, lilikuwa mbele yangu na lilikuwa na mtoto wa mama yangu ndani. Kona ya kwanza alipita. Ya pili alipita kwa neema ya Mungu peke yake. Patriki alikuwa nyuma yake mita thelathini, hana haja ya mkuki, hana haja ya kitu chochote ila kuendelea kuonekana kwenye kile kioo.

Patriki akasimama.

Alizima injini kwenye kona, chini ya ukuta wa mlima, akashuka na kukaa juu ya jiwe. Tukasikiliza lori likienda, sauti ikipotea na kurudi kwenye kila kona, na mimi nikisubiri kishindo.

"Nikimfuata atakufa," alisema. "Sitamgusa hata kidogo, na atakufa."

"Si ndicho ulichotaka?" Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza.

"Ndicho." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Scolastica alikaa barabarani mpaka ng'ombe wakarudi nyumbani peke yao. Ng'ombe ndio waliotuambia. Mimi nilimpakia hapo ulipokaa wewe, Emanuel, mwanetu mkubwa, akamshika kwa nyuma. Alifia njiani, tumebakiza kidogo kufika hospitali. Nilitaka yule dereva akae na woga namna hiyo. Sasa nimemwona anao. Haunisaidii kitu."

Nililia wakati huo, si kwa ajili ya kaka yangu. Nilimlilia mama mmoja nisiyemjua, aliyelala kwenye vumbi akitazama miguu ya ng'ombe wake ikiondoka.

Kishindo hakikuja. Tulikaa pale muda mrefu, sauti ya lori ikawa imenyamaza kabisa, nikasema moyoni, ameshafika chini, amekwenda. Ndipo tukasikia mtu anapanda mlima anakimbia. Alikuwa analia na kuita kwa pamoja. "Gaude! Gaude!" Agustino alitokea kwenye kona, kiatu mguu mmoja, shati limeloa. Hakutuona. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa barabara, akapiga magoti, akainama kutazama bondeni, na kuliita jina langu kule chini.

Nilielewa. Alikuwa ametuona kwenye kioo, shuka na mimi nyuma yake, kisha kona moja ikapita na hatukuwepo tena. Alidhani tumeanguka. Alikuwa amelisimamisha lori mahali fulani huko chini na kupanda mlima wote ule kwa miguu.

"Niko hapa," nikasema.

Aligeuka. Alinitazama mimi kwanza, halafu yule mtu aliyekaa juu ya jiwe, na hakuwa na pumzi ya kukimbia wala nafikiri hakuwa na nia.

"Kumbe unajua kurudi," Patriki alisema.

Hakuna aliyewahi kumpiga kaka yangu namna ile. Alibaki amepiga magoti, kichwa chini. Patriki akainuka, akaenda kwenye pikipiki, akaweka mkono juu ya mkuki wake. Hakuufungua. Aliuwekea tu mkono na kusubiri, na Agustino akaanza kusema. Alisema ndama, alisema breki, alisema woga. Kisha akasema lile ambalo hata mimi hakuniambia.

"Alikuwa hai, baba. Niliangalia kwenye kioo. Aliinua mkono."

Nilitamani anyamaze. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuongeza maneno kwenye kila jambo, nilimwomba Mungu ayapunguze hayo. Mkono wa Patriki ulikaza juu ya mkuki hadi niliona mishipa. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuipeperusha shuka yake, na hakuna kitu kingine kilichokuwa kinatembea duniani.

Akauondoa mkono.

"Utasema hivyo hivyo kwa watoto wake," alisema. "Na hilo la mkono ulisema. Usilipunguze."

"Nitasema."

"Halafu polisi."

"Ndiyo, baba."

Yaliyofuata Dongobesh nzima wanayajua. Agustino alisema pale Gendabi, mbele ya watoto wanne na ukoo mzima, na hawakuchukua mawe, ingawa mmoja wa shemeji za marehemu alilazimika kushikwa. Alijipeleka kituoni, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake. Wazee wa kwetu na wa kwao walikaa mara tatu kabla ya kuelewana. Mama aliyaacha matawi njiani mpaka yakakauka na kuanguka yenyewe, na aliyekuja kuuliza alijibiwa. Mimi bado natafsiri, ila ile picha nilimwomba Baltazar aifute, akaifuta huku akininung'unikia.

Lakini nikikumbuka siku ile nakumbuka kabini ya lile fuso. Tuliacha pikipiki na mkuki kwenye kona, tukashuka kwa miguu hadi lilipoegeshwa. Patriki alipanda upande wa abiria, akakaa wima, mikono juu ya magoti, Agustino kwenye usukani. Mlango wa abiria wa lile gari ulikuwa mbovu siku zote. Patriki aliuvuta, ukagoma. Akauvuta tena. Nilikuwa nje, nataka kwenda kuusukuma, nikabaki nilipo. Agustino akasema, "Samahani, baba," akanyoosha mkono wake ukapita mbele ya kifua cha yule mtu, karibu kabisa na moyo, akaushika mlango, akaunyanyua kidogo, akaufunga.